Kiingereza cha Chumba cha Kufulia

Mke wangu alipata kazi ya majaribio hotelini, katika chumba cha kufulia. Basi nyumba nzima ikageuka darasa! Alipika akikariri Kiingereza. Alifagia akikariri. Kila neno alilipatia maana moja tu.

"Run, kimbia. Run, kimbia."

Hata mimi, fundi cherehani wa watu, nilikuwa nakimbia usingizini.

Jioni moja alirudi amenuna.

"Kuna nini, mama watoto?"

"Msimamizi kaniambia 'run the machine'. Nikaduwaa. Mashine ikimbie iende wapi?"

Nikacheka mpaka machozi.

"Cheka tu! Kesho ndiyo mwisho wa majaribio. Kazi hii nimeitafuta mpaka viatu vimekwisha soli. Nikiikosa je?"

Kicheko kikanikauka. Nikaenda kumwita jirani yetu, mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Alikuja mikono bado ina povu la vyombo.

"Dada," Mwalimu alisema, "wewe unapiga pasi, unapiga simu, unapiga deki. Kati ya pasi, simu na sakafu, nani amewahi kulia?"

Mke wangu akatabasamu. "Hakuna."

"Sasa mgeni akikariri kwamba piga ni fimbo tu, si atakwenda kupiga pasi kwa rungu? Kiingereza nacho ni hivyohivyo. Usikariri neno likiwa peke yake. Tazama limekaa na nani na kazi gani inafanyika. Halafu sema sentensi nzima huku unatenda."

Akamketisha kwenye cherehani yangu. "Run the machine." Yaani iendeshe. Mke wangu akakanyaga, akasema. Wakashika pakiti tupu ya sabuni. "We have run out of soap." Sabuni imetuishia. Mara Mwalimu akatosa kitambaa chekundu kwenye maji.

"Cha mteja hicho!" nikapiga kelele.

"Kipande tu, shemeji, tulia. Dada, ona rangi inavyochuja. The colour is running."

Wakaendelea hivyo, wakicheka, hadi chakula kikapoa.

Kesho yake sikushona kitu cha maana. Kila mara nilichungulia njiani. Mke wangu aliporudi, alikuwa amevaa sare mpya ya hoteli.

"Umepata!"

"Subiri nikueleze. Msimamizi alisimama mlangoni, kabeba mashuka mikono miwili. Akapaza sauti, 'The water is running!' Hiyo hatukuisoma. Nikajiuliza, maji yapo wapi humu? Nikageuka. Bomba lilikuwa wazi, ndoo imefurika, maji yanaelekea kwenye waya wa umeme. Nikalifunga mbio! Akaniambia kazi ni yangu."

Nilifurahi, nikataka kukimbia kwa jirani. "Ngoja nikamshukuru Mwalimu kwa kukufundisha."

"Mshukuru sana," alisema, akijitazama kwenye kioo. "Lakini hiyo ya maji mwambie nimejifundisha mwenyewe."