Mlango wa Nyuma

SAA TATU ASUBUHI

Mwalimu alichora duka la sonara kwa chaki, juu ya meza ya kukatia vitambaa. Chumba kilikuwa nyuma ya duka la fundi cherehani. Zamani alifundisha hisabati. Sasa aliongoza majambazi, ila mistari yake bado ilinyooka.

Alizungumza na kila mtu peke yake. Ndiyo ilikuwa desturi yake. Dereva alishaingia, akatoka. Sasa ilikuwa zamu ya Fundi, bingwa wa kufuli.

"Saa saba wanafunga kwa chakula," Mwalimu alisema. "Dhahabu inatolewa kwenye vioo, inarudishwa sandukuni. Kwa dakika sita sanduku liko wazi. Tunaingia kwa mlango wa nyuma. Unaufungua wewe."

"Sawa."

"Mchumba wako ni keshia mle. Asijue tunaingia mlango upi."

"Si yeye aliyetupa ramani?"

"Ametoa ramani. Inatosha."

SAA NNE

Fundi alipiga simu akiwa amejibanza kati ya magauni yanayongoja wenyewe.

"Mtaingia wapi?" mchumba wake aliuliza. "Nisije nikasimama mbele ya bastola."

Aliuliza polepole. Fundi alihisi kifua kikilegea. Nani mwingine duniani alimwuliza kitu kwa sauti ile?

"Nyuma. Wewe kaa karibu na kaunta."

"Asante, mpenzi."

Akakata. Hakumtakia heri. Fundi alijiambia kwamba ana wateja.

SAA SITA NA NUSU

Gari lilisimama mbali kidogo na kona ya uchochoro. Dereva, mwanamke mwembamba mwenye mdomo mkali, alizima injini.

Wanaume wawili walikuwa wakipaka rangi ukuta karibu na mlango wa nyuma. Walipaka, walipaka. Ukuta haukubadilika. Brashi zilikuwa kavu.

"Polisi," Dereva alisema.

Mlango ukafunguliwa. Keshia akatoka na chupa mbili za maji. Akawapa. Mmoja alisema neno, naye akacheka, kichwa nyuma, mkono kifuani. Fundi aliujua mcheko ule. Alidhani anachekewa yeye peke yake.

"Anacheka, kaka," Dereva alisema.

"Kazi yake ni kuwachekea wateja."

"Wapaka rangi wananunua pete?"

Fundi aliendelea kuutazama mlango.

"Kipenda roho hula nyama mbichi," Dereva alinong'ona. "Wewe umekula na ngozi."

Kwenye kiti cha nyuma, Mwalimu alikuwa akifuta miwani. "Dereva nilimwambia tunaingia mbele. Nyuma nilimwambia mtu mmoja tu."

Fundi alitazama mikono yake. Ilikuwa imetulia, kama mikono ya mtu mwingine.

"Wamemlazimisha," alisema.

"Unamwamini?"

"Namwamini."

"Basi nenda ukafungue."

Dereva aligeuka. "Kaka, usiende. Wewe ni chambo. Wakiwa na wewe, sisi tunapita mbele. Huoni?"

"Nyamaza," Mwalimu alisema, bila hasira.

Fundi aliona. Aliona pia barabara kuu nyuma yao. Angeweza kushuka na kupotea kati ya watu, akawa mtu huru mpaka uzeeni. Lakini kukimbia kungekuwa kukubali. Akifika pale, mchumba wake atamwita kando na kumweleza. Lazima kulikuwa na maelezo.

Akachukua mkoba wa vifaa.

SAA SABA KAMILI

Alitembea hatua za kawaida. Hakuhisi jua wala uzito wa mkoba. Keshia alikuwa bado mlangoni. Alimtazama, kisha akamgeukia mmoja wa wapaka rangi.

"Ndiye huyu."

Brashi zikaanguka. Wakamlaza chini, shavu kwenye saruji, pingu mikononi. Upande wa mbele kioo kilivunjika. Mtu akapiga yowe. Askari mmoja akakimbilia huko, lakini gari lilikuwa limeshanguruma na kwenda zake.

Askari aliyebaki alimwinua Fundi. Alikuwa akihema kwa hasira.

"Wenzako wamekuuza. Na huyu dada amekuwa akituambia kila kitu tangu wiki iliyopita."

"Mlimlazimisha."

Keshia alisogea. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Hakuna aliyenilazimisha. Niliwafuata mwenyewe. Sikukupenda hata siku moja."

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwinamia askari, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeombea mgonjwa:

"Afande, msimfokee. Si mnaona anavyoogopa?"