Pumzi za Blenda

Simu iliita mara moja, ikakatika. Ikaita tena.

"Maziwa yamechemka," ilisema sauti ya Mkuu.

Sisimizi aliinuka, akaiacha chai yake bila kuigusa. "Yamemwagika?"

"Bado. Hiace ya kijivu imeingia mtaa wa shangazi yako. Vijana wangu watafika baada ya dakika ishirini."

"Mimi nitafika baada ya tatu."

Alikimbia.

Katika miaka kumi na moja ya ujasusi alikuwa ameogopa mara nyingi, lakini kila mara aliiogopea ngozi yake mwenyewe, na hofu ya namna hiyo alishaizoea. Ya leo ilikuwa nyingine kabisa. Shangazi ndiye aliyemlea. Na yeye Sisimizi, kwa akili zake timamu, ndiye aliyempelekea mama huyo mtu anayewindwa, amfiche chumba cha nyuma, kwa kuwa nyumba ile haikuwa kwenye faili lolote.

Mtu mwenyewe alikuwa mhandisi aliyechakaa mapafu, anayeishi kwa mashine ya oksijeni. Kesho yake, saa nne asubuhi, alitakiwa kuieleza mahakama kazi aliyofanyishwa na mabwana fulani kutoka nje ya nchi. Mabwana hao hawakutaka aione hiyo saa nne.

Shangazi alifungua mlango wake wa ghorofa ya tatu, mikono ina povu la sabuni. "Hata salamu hakuna?"

"Shangazi, nani ameingia humu wiki hii?"

"Nani aingie? Si ulikataza? Simu nimezima, mapazia nimeshusha, hata fundi bomba nimemfukuza na sinki linavuja."

"Umepokea kitu chochote?"

"Kitu gani? Labda vile vidude vya kupunguza bili. Wasichana fulani waligawa pale getini, bure, kila nyumba. Nikachomeka kimoja kwenye mashine ya mgeni wako, maana ndiyo inayotumaliza kwa umeme."

Sisimizi alikimbilia chumba cha nyuma. Alikuwa amekataza simu, wageni na madirisha. Umeme hakuutaja.

Kidude kilikuwepo kweli, kati ya plagi ya mashine na soketi ya ukutani: cheupe, kidogo kama kiberiti, kitaa cha kijani kinakonyeza. Mhandisi alikitazama akiwa kitandani, mpira wa hewa puani, akafumba macho.

"Hicho nilikitengeneza mimi," alisema. Alivuta pumzi kila baada ya maneno machache. "Waliniambia... ni cha kumwonyesha mtu friji yake inakula kiasi gani. Kila chombo kina mwendo wake wa kula umeme. Mashine hii inavuta kidogo, sekunde sita. Inavuta zaidi, sekunde sita. Hakuna chombo kingine cha nyumbani kinachokula hivyo."

"Kwa hiyo wanakusikia ukipumua."

"Kutoka barabarani. Kinatuma habari kila baada ya dakika moja, bila waya. Wana kipokezi cha mkononi, wakisogea kinalia zaidi."

"Nikikichomoa?"

"Jengo wameshalijua. Kikinyamaza, watavunja mlango mmoja mmoja."

Sisimizi alichungulia pembeni mwa pazia. Hiace ilikuwa imeegeshwa chini. Wanaume wawili walishuka, mmoja mrefu, mmoja mnene. Mnene alishika kitu mithili ya rimoti, akakielekeza juu.

Kumbeba mhandisi kwenye ngazi hakukuwezekana. Kupigana na wawili hapa, shangazi akiwa katikati, ndiko alikokuogopa kuliko vyote.

"Shangazi, nyumba ya juu yetu?"

"Ya mwalimu. Yuko kazini. Ufunguo ananiachia nimwagilie maua."

"Humu ndani kitu gani kinakula umeme sawa na mashine hii?"

Shangazi hakufikiri hata kidogo. Bili aliijua kuliko umri wake. "Blenda."

Mhandisi alifumbua macho. Kwa mara ya kwanza alitaka kucheka, akaishia kukohoa. "Namba moja, sekunde sita. Namba mbili, sekunde sita. Usikosee. Ukikichomoa hapa una dakika moja ya kukichomeka kule."

Kitaa kilikonyeza.

Sisimizi alichomoa. Mashine ikanyamaza, na mhandisi akabaki ameachama kama samaki. Aling'oa kidude, akairudisha plagi ukutani moja kwa moja. Mashine ikanguruma. Blenda kwapani, ufunguo menoni, bastola ya Glock kiunoni, akapanda ngazi mbilimbili. Chini aliwasikia wakiingia langoni. Hawakuwa na haraka.

Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Mlangoni kwa mwalimu ufunguo uligoma. Akaugeuza. Ukagoma tena. Akauvuta kidogo nje, kufuli la geti la chuma likafunguka. Alirudishia geti na mlango, akaingia chumba cha kulala, akachomeka kidude, akachomeka blenda. Akaisukumia chini ya blanketi ili mngurumo upoe, akapanga mito iwe na umbo la mtu.

Namba moja. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.

Namba mbili.

Jasho lilimwingia machoni. Kidole gumba kiliendelea kubonyeza, sita kwa sita. Blenda haikuwa na kitu ndani, ikaanza kupata moto. Harufu ya mpira unaoungua ikapenya blanketi.

"Usife sasa," aliinong'oneza. "Tafadhali."

Ghorofa moja chini yake, viatu vilisimama. Mlangoni kwa shangazi. Sisimizi alisahau kupumua, lakini hakusahau kuhesabu. Nne, tano, sita. Namba mbili.

"Hapa?" sauti moja iliuliza.

"Subiri kitume."

Sekunde zile zilikuwa ndefu kuliko miaka yote kumi na moja. Halafu kipokezi kililia.

"Juu," alisema mwingine.

Viatu vikapanda.

Walipofika getini aliiacha blenda ikiunguruma, akanyata hadi jikoni, kando ya mlango wa kuingilia. Mlango ulifunguka taratibu. Walipita, mrefu mbele, mnene nyuma, hatua moja tu kutoka puani mwake. Walifuata mngurumo. Harufu ya kuungua ilikuwa imejaa korido nzima, na hawakujiuliza mgonjwa gani ananuka vile. Kipokezi kilisema yupo, basi yupo.

Bastola zenye viziba sauti zilikohoa mara nne ndani ya mito.

Sisimizi alitoka, akavuta geti, akabana kufuli.

Klik.

"Ni blenda!" mnene alipiga kelele.

Risasi zilifuata. Sisimizi alikuwa ameshalala kifudifudi kwenye ngazi, vipande vya saruji vikimwangukia kisogoni. Alirudisha mbili, kuwakumbusha tu kwamba korido ile ni nyembamba. Madirisha yote yalikuwa na nondo. Hawakuwa na pa kwenda.

Alishika redio yake. "Mkuu, Sisimizi hapa. Wawili, ghorofa ya nne, nimewafungia ndani. Wana kipokezi mkononi. Nakitaka kizima."

"Tunaingia langoni," Mkuu alijibu.

Baadaye, wale wawili waliposhushwa kwa pingu na kipokezi kikiwa kwenye mfuko wa ushahidi, aliingia kwa shangazi. Mashine ilikuwa ikinguruma. Mhandisi aliinua kidole kimoja. "Kesho saa nne," alisema. "Nitasema... majina yote."

Shangazi alimshika Sisimizi mabega, akamgeuza mbele na nyuma akitafuta damu.

"Blenda yako imekufa, Shangazi."

"Bora yenyewe," shangazi alisema, akamfuta vumbi la saruji kisogoni.

Sisimizi alishuka ngazi, akapita katikati ya askari, akavuka barabara bila kugeuka nyuma. Kijana mmoja wa Mkuu alimtazama akipita, akamwambia mwenzake kwamba mtu yule hana moyo wa kawaida, haogopi kitu.

Simu iliita.

"Uko sawa?" Mkuu aliuliza.

"Niko sawa."

Aliirudisha simu mfukoni, akaendelea na safari, mgongo umenyooka. Mkono mwingine alikuwa ameuficha kwenye koti. Humo ndani kidole gumba kilikuwa bado kinabonyeza, na midomo yake ilikuwa inahesabu. Nne, tano, sita.