Jina Lililoimbwa Malaba

Santuri ilibaki moja tu dukani, na mikono iliyoishika ilikuwa ya watu wawili.

Ilikuwa siku ya soko Busia, mwaka wa sabini na tano, na duka la santuri la Mbarak lilifurika hadi barazani. Spika ilinguruma, wauza dagaa wa omena nje wakitikisa mabega. Alupo, mpiga taipu wa ofisi ya mizigo kule Malaba, alikuwa amevaa gauni la manjano, binti yake Amoding amelala mgongoni. Aliyeng'ang'ania upande wa pili alikuwa kijana mrefu mwenye afro, suruali yake ya belbotomu ikifagia sakafu.

"Kaka, achilia. Nimetoka Malaba kwa sababu ya hii."

"Na mimi nimetoka Budalang'i kwenye mafuriko, dada."

"Uliogelea?"

"Karibu niogelee!"

Mbarak akacheka. "Mkiivunja mtanilipa nyote wawili. Kwani hamwezi kuisikiza pamoja?"

Hivyo ndivyo kijana huyo, Callistus, karani wa ghala la pamba, alivyomwingiza Alupo katika chama cha mashabiki wa Mpakani Jazz. Kila Jumamosi mchana walikutana nyuma ya duka hilo kutunga Kitabu Kikuu cha bendi: kila wimbo, kila mpiga gitaa, kila mtu aliyetajwa katika wimbo, kuanzia herufi A hadi mwisho. Alupo alikuwa amejifunza taipu katika masomo ya jioni, akiwa na mimba ya mwanamume aliyetorokea Jinja. Kazi ya kukipiga chapa kitabu ikawa yake.

Mapenzi yaliingia kwa njia ya simu ya ofisi.

"Haloo, Malaba? Nataka kuandikiwa barua ya malalamiko."

"Umekosewa nini, bwana?"

"Kuna mama Amoding mmoja ameninyima usingizi."

"Hapa tunaandika za malori tu."

"Basi mimi ni lori, mpenzi. Nimekwama mpakani, nangoja unigongee muhuri."

Alupo alicheka mpaka bosi akakohoa.

Lakini miezi ilipita na Callistus hakuwahi kutaja nyumbani kwao. Nusura, muuza vitenge, rafiki ya Alupo na mwenzake chamani, hakumficha. "Mapenzi ya simu, mwenzangu, ni harufu ya nyama ya jirani. Utanusa, hutashiba. Ama anaona haya kwamba una mtoto?"

Swali hilo lilimkaa Alupo kooni kama mwiba wa samaki.

Jumapili ya Pasaka, bendi ilipiga bugi, dansi la mchana, Malaba. Walipofika kwenye "Ningoje Stesheni", pale santuri inaposema "mpenzi" tu, mwimbaji alifumba macho akaimba: "Alupo, ningoje stesheni!" Ukumbi mzima uligeuka. Alupo akamtafuta Callistus kwa macho. Callistus alikuwa akitazama viatu vyake.

Jumamosi iliyofuata, chama kilikaa kuamua. Je, jina hilo liingie kitabuni?

"Kilicho kwenye santuri ndicho wimbo," alisema Mbarak. "Basi."

"Wewe unauza santuri, utasema nini kingine?" Nusura akamrushia, watu wakacheka. "Sisi tulisikia kwa masikio haya. Mwenye wimbo amemtaja mpenzi wake hadharani."

"Tukikubali ya jukwaani," akasema Ramathan, fundi wa redio, "kesho mwimbaji akikohoa tutaandika kikohozi."

Kura zikalingana. Alibaki Callistus. Vidole vya Alupo vilikuwa tayari juu ya taipu, karatasi ya herufi A imeshawekwa.

Callistus akasimama, jasho likimtoka. "Ya jukwaani yasihesabike. Na hilo jina hasa, lisiingie."

Alupo akaichomoa karatasi, akamfunga mwanawe mgongoni, akatoka. "Umenikataa mbele ya watu," alisema mlangoni. "Asante."

Juma zima simu ililia Malaba.

"Mwambie nimesafiri," Alupo alimnong'oneza tarishi.

"Anasema anaisikia sauti yako, dada."

"Basi mwambie nayo imesafiri!"

Mwishowe Callistus alikuja mwenyewe adhuhuri, amejaa vumbi, madereva wa malori wakiwa wamejazana kaunta kungoja karatasi zao.

"Alupo, nisikize."

"Jina hilo si ulikataa lisiandikwe?"

"Nililinunua mimi."

"Ati nini?"

"Nilimpa mwimbaji jogoo ili akutaje." Madereva wakaacha mazungumzo yao. "Kitabu kile kitasomwa na watu wasiotujua. Wangesoma kwamba mwimbaji ndiye alikupenda! Mapenzi ni yangu, jogoo ni wangu, halafu sifa ziwe zake?"

Alupo alijikaza, lakini kicheko kilimponyoka puani. "Mbona hukusema pale pale?"

"Niliona haya. Mwanamume mzima natuma bendi iniongelee."

"Haya yako si kwa sababu ya Amoding?"

"Amoding?" Callistus alishtuka kweli. "Mama anamuulizia kila siku! Anasema, huyo mjukuu nitamwona lini? Mimi nikawa nangoja nipate ujasiri."

"Sasa umeupata?"

"Sema, ssebo!" akahimiza dereva mmoja wa Kampala, akimwita bwana kwa Kiganda. "Tunachelewa!"

Callistus akavuta pumzi. "Nakupenda, Alupo. Wewe na binti yako. Jumapili twende sote Budalang'i, halafu nipande Angurai kwa wazazi wako, waniambie ni ng'ombe wangapi. Nikuoe, laazizi?"

Alupo alifungua leso, akamteremsha Amoding, akampitisha juu ya kaunta. "Mbebe basi, baba, nimalizie hawa watu karatasi zao. Na uniambie mama yako anapenda zawadi gani."

Callistus alimpokea kama mtu aliyekabidhiwa trei ya mayai. Amoding alimkodolea macho, akatulia kidogo, kisha akamkojolea shati zima.

Ofisi ililipuka kwa vigelegele vya wanaume.

"Umekubaliwa, ssebo!" dereva akapiga kelele. "Mwenye nyumba amekubali!"