Beh Husaidia, Beh Huponya

Kila asubuhi Taraneh alitandika kitambaa cha kulia sakafuni, akapanga vikombe viwili vya chai, chake na cha bibi yake. Mama alikwisha kufariki, na baba alifanya kazi bandarini, mbali sana, akipiga simu Ijumaa kwa Ijumaa. Hata alipokuwa shuleni, Taraneh aliuwazia upweke wa nyumba ile.

Siku moja alirudi na habari.

"Bibi, leo mwalimu katufundisha juu ya beh."

"Mie nisiyajue mabeh! Nimeyala kabla baba yake huyo mwalimu hajazaliwa."

Mwalimu alikuwa amesema kwamba beh, tunda gumu linalofanana na pea, hasa ganda lake la manjano, lina vitu vinavyozilinda chembe za mwili zisichakae upesi, na huenda husaidia moyo. Lakini Bibi Touba alikuwa amekunja uso, vidonge vya presha kiganjani. Wiki nzima hakuwa amecheka. Taraneh alitamani mno kumwona akicheka.

"Amesema beh huponya presha kabisa," akasema.

Bibi akacheka hadi mtandio ukamwanguka. "Basi hivi vichungu vya nini?" Akavitupa vidonge nyuma ya kabati.

Taraneh alishtuka. Hata hivyo, jioni ile walikata mabeh pamoja, wakayapika na nyama na dengu huku Bibi akiimba. Nyumba ilichangamka, naye Taraneh akauficha ukweli. Siku zilizofuata akazidi kuuficha.

Kisha asubuhi moja akamkuta Bibi ameshikilia ukuta wa jikoni.

"Kichwa kinanipasuka, mwanangu. Sioni vizuri."

Taraneh alikimbia peku hadi kituo cha afya, akarudi na muuguzi, Dada Esmat. Muuguzi alipima presha, akaguna.

"Dawa unameza, mama?"

"Nimeacha. Mwalimu wa huyu kasema beh huponya."

"Mwalimu gani huyo? Atanitambua leo!"

Taraneh angeweza kukaa kimya, lawama zimwangukie mwalimu. Machozi yakamtoka.

"Hakusema hivyo, Dada. Alisema huenda husaidia. Hilo neno 'huponya' ni langu mimi. Nilitaka Bibi afurahi."

Dada Esmat alimpa Bibi dawa, akampigia daktari simu, kisha akakaa naye mpaka presha ikashuka.

"Beh ni chakula kizuri," akasema. "Kuleni, hata na maganda yake, mkishayaosha. Lakini kusaidia si kuponya. Dawa haiachwi bila ruhusa ya daktari."

Muuguzi alipoondoka, Taraneh alisimama mlangoni, akiogopa kusogea.

"Njoo hapa," Bibi akamwita, akamshika mkono. "Uliogopa nini hata ukanidanganya?"

"Kubaki peke yangu, Bibi."

"Na uongo wako wa kunifurahisha ndio ungekuacha peke yako. Mwanangu, niambie kweli hata kama itaninunisha. Nikinuna, bado nipo."