Kioo Kilichokwanguliwa

Mzee Garabed alikutwa kifudifudi kwenye bafu lake alilolifanya chumba cha giza cha kusafishia picha, mtaa wa wahamiaji wa Fittja, taa nyekundu bado inawaka, kichwa kimepasuka. Kando yake kulikuwa na mguu wa stendi ya kamera, umelowa damu. Juu ya sinki palikuwa na kioo cha picha, vile vya zamani vilivyopakwa dawa badala ya filamu, kimekwanguliwa kwa wembe hadi kikabaki kitupu.

Alama za vidole zilikuwa zimefutwa zote. Wataalamu wa maabara walikuta kitu kimoja tu: mate makavu kwenye kona ya kile kioo.

Inspekta Akeyo alisonya. Mate! Nani anakwenda kuua mtu halafu analamba kioo?

Hanna, binti wa marehemu, alikuwa tayari mahabusu. Majirani walimsikia akigombana na baba yake. Mtoto wake anayenyonya alikuwa mikononi mwa watu wa ustawi wa jamii, na mwendesha mashtaka alitaka kumfungulia kesi jioni ile ile.

"Mligombania nini?" Akeyo aliuliza.

"Vioo. Nilitaka viende makumbusho. Babu yake baba alikuwa mpiga picha kule Harput, enzi za dola ya Uthmania. Alipiga picha za mapasha, wale wakubwa wa dola, za milima, za maharusi, kabla ya Waarmenia kufukuzwa."

"Na hiki kilichokwanguliwa?"

Uso wa Hanna ulikunjamana. "Hicho kilikuwa cha mke wa huyo babu. Ndiyo sura pekee iliyobaki ya ukoo wetu. Nani mshenzi huyo?"

"Kona yake ina mate."

"Basi ni mtu wa kazi. Gizani unagusisha kona mdomoni. Upande wenye dawa unanata, wa pili hauna kitu. Mimi baba alikataa kunifundisha. Alimfundisha Callixte, yule Mrundi wa Norsborg, mwanawe mwenyewe akamwacha nje!"

Akeyo alikirudia kioo. Upande mmoja ulikuwa umechimbwa kwa wembe. Wa pili haukuwa na hata mkwaruzo. Mkwanguaji hakubahatisha.

Callixte aliletwa mchana, suti safi, na wakili na mkalimani wa wakili.

"Dada Akeyo, sisi si tunaimba kwaya moja? Haya yote ya nini?"

"Hapa si kwaya. Niite Inspekta. Kwa mzee ulikuwa unafuata nini?"

"Chai."

"Chai tu?"

"Chai na maneno. Mimi napiga picha za harusi kwa kamera za siku hizi. Hivyo vioo vyake sivijui, sijawahi kuvishika."

"Una hakika?"

"Ebo! Nimeshasema!"

Akeyo alivaa glavu, akatoa boksi jeusi. "Hiki ni cha mzee, hakijapigwa picha bado. Mwanga utakiharibu." Akazima taa. Mwanga hafifu wa korido ulipenya kwenye kijidirisha cha mlango. "Shika. Kiweke mezani, upande wa dawa uwe juu."

Callixte alikipokea kwa kingo, vidole havigusi uso. Akakipeleka mdomoni, kona ikagusa mdomo wa chini.

Mkono ukaganda pale pale.

"Endelea," Akeyo alisema. "Upande upi unanata?"

Wakili aliruka kitini akipinga. Callixte alimnyamazisha kwa kiganja, akakilaza kioo mezani taratibu.

"Alinikwangulia Colombe wangu," alisema.

Akeyo alimjua Colombe, mkewe, waliyemzika Februari. "Simu yako imejaa picha zake."

"Za simu anacheka na watu, anakula. Kwenye kioo chake kule kwa mzee alikaa kimya, hapumui, ananiangalia mimi. Nilikwenda kukichukua. Mzee akanambia kilikuwa na ukungu, picha mbovu, vioo vya kipimo kile havipatikani tena, kwa hiyo amekikwangua apake dawa upya. Anasema hivyo anakoroga chai! Mapasha wake wale, wafu wa zamani, anawapangusa kila asubuhi. Mke wangu ni taka!"

"Wapiga picha wote wa zamani walikuwa wanakwangua."

"Mimi pia nimekwangua, za watu nisiowajua." Alikuwa analia waziwazi sasa.

Akeyo aliwasha taa, akamwagiza askari mlangoni ampigie mwendesha mashtaka: Hanna aachiwe, aletewe mtoto wake sasa hivi. Akamgeukia Callixte, na hasira yake haikuwa imepungua hata kidogo.

"Ukamuua mzee, ndipo ukamkwangua bibi yake. Yeye alikukosea nini?"

"Hapana, Inspekta. Nilimkwangua kwanza, mzee amesimama pale ananitazama. Sikwenda kuua. Nilitaka alie kama nilivyolia mimi."

"Akalia?"

Callixte alitikisa kichwa.

"Alikichukua kioo, akakiinua kwenye ile taa nyekundu, akakikagua. Akasema, 'Umekwangua vizuri. Kioshe, tutakitumia tena.' Hapo ndipo nikashika stendi."