Gari Likikaguliwa, Fundi Friji Akapiga Simu

"Gari mnaliuza kwa nini?"

"Tunahama," mume akasema.

"Tunataka kubwa kidogo," mke akasema wakati uleule.

Mwalimu mkuu aliyekuja kununua akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akawatazama mmoja baada ya mwingine. Alikuwa amelea watoto wa watu darasani tangu ujana wake, na mtu akidanganya alimjua kabla hajafika nukta.

"Haya. Mkishaelewana mtaniambia," akasema. "Mdogo wangu, fungua boneti."

Mdogo wake alikuwa fundi magari, mnene, mpole, mwenye suruali ya mifuko mingi. Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakichovya tena, akakinusa kama mtu anayeonja mchuzi.

"Oili safi. Nani analitunza hili?"

"Mimi," wakajibu wote wawili.

Mwalimu akaguna.

Ukweli ni kwamba walikuwa wanaachana. Mume alikuwa mpiga picha za harusi. Mke alikuwa mfamasia, ana duka lake la dawa karibu na stendi. Waliishi vizuri mpaka Alhamisi zilipoingia kati yao. Kila Alhamisi mchana mke alifunga duka, akachukua gari, simu akaizima, akarudi jua likizama. Akiulizwa, anasema alikuwa na shughuli.

Kisha siku moja, mke yuko bafuni, simu yake ikaingia ujumbe kutoka kwa mtu aliyeandikwa Fundi Friji:

*"Kesho usikose. Nakusubiri kwa hamu. Mumeo asijue."*

Friji yao haikuwa na tatizo lolote.

Mume alimuuliza kwa upole, akamuuliza kwa ukali. Mke akamjibu neno lilelile: "Niamini tu, nitakuambia wakati ukifika." Mume akakusanya nguo zake, akahamia kwa kaka yake, na huko akamwaga yote: mke ana mwanamume. Ndugu wote wakajua. Sasa kilichobaki kuwaunganisha kilikuwa hili gari.

Fundi akatandika boksi chini, akalala chali, akajisukuma mpaka ikabaki miguu tu inaonekana. Wakasikia akigonga kitu, kisha sauti ikatoka uvunguni:

"Mmesema gari linatembea wapi?"

"Mjini tu," mume akasema. "Nyumbani, dukani, kwenye harusi. Lami mwanzo mwisho."

"Hapana, kaka. Kinga ya injini imekwaruzwa na mawe, tena siyo mara moja. Shokapu za mbele zimechoka. Hili gari lina njia yake mbovu, na linaijua vizuri."

Mume akageuka, akamtazama mkewe. Mke akatazama kucha zake.

"Njia gani ya mawe?"

"Siyo hapa," mke akasema chini chini. "Kuna wageni."

"Wageni wananunua gari, wana haki ya kujua limekwenda wapi. Anakaa wapi huyo fundi wako wa friji? Mlimani?"

"Nimekuomba, siyo hapa."

"Nilipokuoa nilimpoteza mama yangu kwa ajili yako. Unalijua hilo?"

"Nalijua kuliko unavyodhani."

Mwalimu mkuu akakohoa. Hakuyajua hayo maneno yametoka wapi, lakini aliyapima uzito. Kisa chenyewe kilikuwa hivi: mke huyu alikuwa ameolewa mara moja kabla, akaachika. Mama wa mume aliposikia, akasema mwanamke aliyeshindwa nyumba ya kwanza hataiweza ya pili, na harusini hakutia mguu. Mume akakasirika, akasema basi, kama hammtaki mke wangu, na mimi hamnitaki. Tangu hapo mama na mwana hawakusalimiana hata kwa simu.

"Wanangu," mwalimu akasema, "mimi nataka gari tu. Twendeni tukalijaribu barabarani, mengine mtayamaliza bila mimi."

Fundi akashika usukani, dada yake akakaa mbele. Mume na mke wakaingia nyuma, kila mmoja amejibana mlangoni kwake. Wakatoka getini, wakaingia barabara kuu. Fundi akajaribu breki, akajaribu gia, akawasha taa na kuzizima, akafungua redio. Hakuacha kitu. Kioo hiki kinashuka? Kinashuka. Wipa? Zinafuta. Honi ikalia, mwendesha baiskeli akawaangalia vibaya.

Ndipo redio ikanyamaza na simu ikaanza kuita ndani ya spika za gari. Simu ya mke ilikuwa imezoea kujiunganisha na redio ile, naye alisahau kuizima. Kwenye kioo cha redio yakatokea maandishi makubwa, na wote wanne wakayasoma: *Fundi Friji.*

"Pokea," mume akasema.

"Sipokei."

"Pokea tumsikie."

"Nimesema sipokei. Fundi, tafadhali, usiguse kitu."

Lakini fundi alikuwa ameshafika kwenye vitufe vya usukani, na kidole chake kilikuwa kinajaribu kimoja kimoja.

"Na hiki cha nini?" akauliza, akakibonyeza.

"Halo? Mwanangu?"

Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, iliyojaa pumzi kama ya mtu aliyekimbia.

"Mwanangu, unanisikia? Jirani kanipeleka, usijali kwamba hukupata gari leo. Wamenifungua bandeji. Nimeuona mkono wangu. Nimeona pete yangu, nilidhani imepotea rangi, kumbe ni macho. Daktari kanyoosha vidole, nikavihesabu vyote. Mbona hujibu? Unalia? Usilie, mtoto wa jicho ametoka, kilichobaki ni dawa za matone tu. Halo?"

Fundi akaegesha gari pembeni bila kuambiwa.

Mume alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Midomo ilicheza kwanza, sauti ikaja baadaye.

"Mama?"

Upande wa pili sauti ikashuka:

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Mama."

"Umemwambia?" sauti ikauliza, na haikuwa inamuuliza yeye.

"Sikumwambia, Mama," mke akajibu, machozi yanamtiririka. "Kasikia mwenyewe. Tuko njiani, simu imefunguka."

"Basi," mama akasema. Akavuta pumzi. "Basi na iwe. Mimi niko nyumbani." Akakata.

Mwalimu mkuu alikuwa anatafuta leso ndani ya mkoba na haioni.

"Ilianzaje?" mume akauliza hatimaye.

"Alikuja dukani na cheti cha daktari, anapapasa kaunta. Nikasoma jina, nikajua ni nani. Yeye hakunijua, hakuwahi kuniona. Alikuwa anakwenda kliniki ya macho peke yake, akishika ukuta. Nikamwambia Alhamisi nina nafasi, nitampeleka."

"Na hukumwambia wewe ni nani?"

"Nilimwambia baadaye, tukiwa foleni. Nilidhani atainuka kitini aondoke. Alinyamaza mpaka zamu yake ikaitwa, kisha akasema, nishike mkono tuingie."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Aliniapisha, na ndugu zako pia aliwaficha. Alisema hataki urudi kwa sababu unahurumia kipofu. Akipona, atakupigia mwenyewe. Zile meseji alikuwa anaandikiwa na jirani, na jina la Fundi Friji niliweka mimi, usije ukaona lake. Tulipanga ujue leo, bandeji ikishafunguliwa. Wewe ukapanga leo gari liuzwe."

"Ungesema tu, hata siku ile nilipokusanya nguo..."

"Na wewe ungeniamini tu," mke akasema. "Mama yako alisema sifai kabla hajaniona. Nilimsamehe, hakunijua. Wewe ulinijua, na ulisema yaleyale."

Mume akainamisha kichwa.

Mwalimu mkuu akageuka nyuma.

"Hiyo njia ya mawe iko wapi?"

"Mbele hapo, kushoto," mke akasema.

"Mdogo wangu, kata kushoto. Gari hupimwa kwenye kilima."

Njia ilikuwa mbaya kweli. Gari lilipanda kwa gia ndogo, mawe yakagonga chini, fundi akawa anatikisa kichwa kila likigonga. Juu kulikuwa na nyumba ndogo ya bati la buluu, ambako mama alihamia baada ya ugomvi ule, na kwenye kibaraza mwanamke aliyevaa miwani myeusi amesimama, hakuketi.

Mume akashuka, akatembea hatua chache, akasimama. Mama akavua miwani taratibu. Akamtazama mwanawe kuanzia nywele mpaka viatu.

"Umekonda," akasema.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Una ndevu siku hizi. Hazikupendezi."

Mume akacheka na kulia kwa pamoja, akapiga magoti, akamkumbatia miguu. Mama akamwekea mkono kichwani, lakini macho yake yalikuwa yameshampita, yanatafuta garini.

"Yuko wapi?"

Mke akasogea. Mama akamshika mashavu kwa viganja vyote viwili, akamgeuza kwenye mwanga.

"Ndiye wewe," akasema. "Nilikuwa naijua sauti tu. Nilisema maneno juu yako ambayo hata sasa yananichoma, mwanangu. Nisamehe."

"Yameisha, Mama."

"Yangu yameisha. Na ya huyu je?"

Mume akasimama, akajifuta magoti.

"Mke wangu, nimekukosea. Nisamehe."

"Uliwaambia ndugu zako nina mwanamume."

"Niliwaambia."

"Kuniomba msamaha hapa ni rahisi, hapa tuko peke yetu. Kule je?"

Mume hakubishana. Akatoa simu, akampigia kaka yake, akaweka spika.

"Kaka, yale niliyosema juu ya mke wangu ni uongo. Alikuwa anampeleka Mama hospitali. Mama amefanyiwa operesheni ya macho, anaona. Nilimpaka matope mtu aliyekuwa anatufanyia wema sote. Waambie na wengine, nami nitawaambia mwenyewe."

Kaka akauliza: "Mama anaona?"

"Ananiona ndevu."

"Kesho asubuhi nakuja kumwona," kaka akasema. "Na mpe shemeji simu, mimi pia nina la kumwambia."

Alipokwisha kuongea na shemeji yake, mke alirudisha simu, akafuta uso kwa kiganja.

"Nirudi nyumbani?" mume akamuuliza.

"Rudi. Lakini siku ukiwa na swali, uniulize na usikilize mpaka mwisho. Na mimi sitakubali tena kuapishwa nikufiche kitu, hata na Mama."

"Mimi nimeshakoma," mama akasema.

Kutoka garini mwalimu mkuu akaita: "Samahanini. Mnauza au hamuuzi?"

Mume akamtazama mkewe.

"Hatuuzi," mke akasema.

"Nilijua. Na shokapu mzibadilishe," fundi akadakia, "maana hii njia sasa mtaipita wawili."

Mama akasema hakai peke yake siku kama hii, atashuka nao mjini. Wakamkalisha mbele, mume akashika usukani, mke, mwalimu na fundi wakabanana nyuma, fundi akiomba radhi kwa unene wake. Mama hakufunga kioo. Kila kilichopita alikitaja kwa sauti, kama mtu anayesalimia: mbuzi yule mweusi, nguo zile kwenye kamba, duka lile lenye mlango wa kijani ambao kwa macho yake mabovu aliudhani mweupe.

"Endesha polepole," akamwambia mwanawe. "Bado naangalia."

Naye akapunguza mwendo.