Maneno Aliyosingiziwa Bi Mwanabibi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Edina alifagia uwanja wa nyumba yao pale Mbamba Bay. Alianzia kwenye chanja za kuanikia usipa, wale dagaa wa ziwani, akamalizia mlangoni kwa Bi Mwanabibi. Huyo alikuwa afisa uvuvi kutoka Kilwa, amepanga chumba cha uani kwa mama yake Edina. Alikuwa mcheshi, na akipika wali wa nazi hakuwahi kumsahau Edina.

Lakini asubuhi moja Edina alifagia mbiombio na kuuruka mlango ule. Hakuwa na uso wa kumtazama Bi Mwanabibi.

Chanzo kilikuwa kazi ya nyumbani. Mwalimu Alphonce wa Kiswahili alikuwa amewaambia wamuulize mtu mzima: neno "pango", lile la malipo ya nyumba, lina maana gani na limetoka wapi? Mtu wa kuuliza alikuwa uani, hatua kumi tu. Lakini Edina alicheza mpira wa rede ufukweni mpaka jua likazama, na asubuhi akaandika la kichwani mwake: "Bi Mwanabibi anasema zamani watu wa pwani waliishi katika mapango ya mfalme, wakamlipa samaki. Ndipo malipo ya nyumba yakaitwa pango."

Jina hilo alilichagua makusudi. Pale kwao watu huzungumza Kinyasa nyumbani, na Kiswahili hukutana nacho shuleni, sokoni na kanisani. Mtu wa Kilwa akisema jambo kuhusu Kiswahili, nani atambishia? Kweli, hakuna aliyebisha. Mwalimu alisoma daftari lake mbele ya darasa zima, akaagiza apigiwe makofi, kisha akasema, "Ijumaa nitamwalika Bi Mwanabibi aje atueleze mwenyewe."

Tangu hapo akawa anamkwepa Bi Mwanabibi. Edina alijua tangu darasa la kwanza kwamba njia ya mwongo ni fupi, ila hakujua kama ni fupi kiasi hicho.

Alhamisi alasiri alimkuta Bi Mwanabibi akipiga pasi gauni lake zuri.

"Mwalimu wenu kaniita kesho," alisema akitabasamu. "Najua ni wewe uliyenitaja. Usijali, mwanangu, sitakuangusha."

Edina aliona aibu iliyomchoma mpaka machozi yakamtoka. "Nisamehe, Bi Mwanabibi. Nimekusingizia." Akaeleza yote, mapango, mfalme na samaki.

Bi Mwanabibi aliisimamisha pasi. "Kwa hiyo kesho mwalimu angesema nimesema, nami ningesema sikusema. Nani angeonekana mwongo?"

"Mimi."

"Hapana. Mimi, mgeni. Nimepanga chumba kwenu, Edina, lakini mdomo wangu sijaupangisha kwa mtu."

Edina alilia kwa kwikwi. Alipotulia, aliuliza lile alilopaswa kuuliza mwanzo. "Sasa neno hilo limetoka wapi?"

"Sijui."

"Hujui? Wewe, wa Kilwa?"

Bi Mwanabibi akacheka kidogo. "Kupanga ni kuweka vitu mahali pake, na pia ni kukaa nyumba ya mtu kwa malipo. Pango ni malipo hayo, na pia ni shimo kubwa mwambani. Kama maneno hayo ni ndugu, sijui. Ukiandika, andika hivyohivyo."

Ijumaa, kabla mgeni hajakaribishwa, Edina alisimama mbele ya darasa, akakiri. Wengine walicheka. Mwalimu Alphonce hakucheka.

"Nami nilikosa," alisema. "Niliamini jina bila kuuliza zaidi. Lakini sikilizeni, watoto. Anayesema 'sijui' hajaaibika. Anayetia uongo kinywani mwa mwenzake humwibia heshima, na heshima hainunuliwi dukani. Edina, utaiandika kazi yako upya."

Jumamosi Edina alifagia mpaka mlangoni, akaweka fagio chini na kupiga hodi. Mkononi alikuwa na daftari.

"Shikamoo, Bi Mwanabibi. Naomba nikusomee kabla sijampa mwalimu." Akasoma polepole: "Bi Mwanabibi anajua maana za pango. Lilikotoka, anasema hajui."

"Marahaba," alijibu Bi Mwanabibi, akamsogezea kigoda. "Hayo ndiyo maneno yangu."